Kuku 40 na karatasi moja ya "mahakama"

Steshenari yangu iko Kabwe, hapa Mbeya. Mawakili, wadai na wadaiwa wanapita kutwa kutoa kopi. Kama kuna mtu mtaani kwetu alipaswa kuinusa hati ya mahakama ya uongo, ni mimi. Sikuinusa.

Ilikuwa wiki ya Nane Nane. Msanii mmoja mkubwa wa Dar alikuwa anakuja kupiga shoo Jumamosi. Mama Tumaini, mama lishe anayeniuzia chai na chapati kila asubuhi, alishalipia nafasi ya kibanda karibu na geti na kuweka oda ya kuku 40 kwa mfugaji wa Uyole. Jumatano jioni ikaingia picha WhatsApp: promota kamshitaki msanii, anadai milioni 80 za shoo aliyoikacha, na mahakama imezuia asipande jukwaani Mbeya. Niliisoma nusunusu huku nikimtafutia mteja chenji. Nikairusha kwenye makundi matatu, likiwemo la wafanyabiashara wa mtaani, na juu yake nikaandika: "Jamani, lisemwalo lipo."

Mama Tumaini hana simu ya kuingia kwenye makundi. Binti yake ndiye aliyemwonyesha, akamwambia imeletwa na yule kaka wa steshenari. Ikatosha. Akampigia mfugaji, akafuta oda, na advansi ikaenda na maji. Jumamosi shoo ikapigwa mpaka saa nane usiku. Watu wakatoka na njaa, na baridi ya Agosti mnaijua, wakala kuku wa wauzaji wengine.

Jumatatu niliprinti ile picha nikaiweka kaunta, sijui hata kwa nini. Akaingia mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, kutoa kopi ya kitambulisho. Akaiokota, akavaa miwani, akaanza kucheka.

Kichwa kilisema "Mahakama Kuu ya Mbeya". Hakuna kitu hicho. Ni Mahakama Kuu ya Tanzania, na ya kwetu ni masjala yake. Ndiyo maana redioni unasikia "Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya". Mstari uliofuata uliandikwa "Jamhuri dhidi ya", kisha jina la msanii. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, Jamhuri inamdai nani hela ya shoo?" Nikabaki kimya. Deni ni kesi ya madai: promota angekuwa mdai, msanii mdaiwa, na Jamhuri isingekuwemo. Jamhuri inashtaki kwenye jinai. Chini kulikuwa na sahihi ya "Hakimu", wakati Mahakama Kuu anaketi jaji. Tarehe ya kusikilizwa ilikuwa Jumapili. Na namba ya shauri haikuwepo kabisa.

Hilo la namba ndilo nililobaki nalo. Kesi ikifunguliwa inapewa namba na mwaka, iwe ya mbuzi kula mahindi au ya mabilioni. Siku hizi mtu akinirushia "fulani kashitakiwa", simbishii. Namwomba vitu vitatu: namba, mahakama gani, na nani dhidi ya nani. Tisa kati ya kumi wananijibu kwa emoji. Mwenye navyo tunaendelea naye, maana kwa hivyo vitatu unaweza kwenda masjala ukamuuliza karani, au ukatazama orodha ya mashauri kwenye ubao wa matangazo wa mahakama.

Mtandaoni ipo TanzLII, unasoma hukumu bure, hasa za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Lakini isikudanganye. Pale unakuta maamuzi. Shauri lililofunguliwa jana hutaliona, na mengi ya mahakama za chini hutayakuta. Usipoliona usikimbilie kusema ni uongo. Halafu tafuta kwa jina la kuzaliwa. Wasanii MwanaFA na AY walipoidai kampuni ya simu kuhusu nyimbo zao, mahakamani walikuwa Hamis Mwinjuma na Ambwene Yessayah. Ukiandika jina la jukwaani unaweza kutoka mikono mitupu.

Za Marekani ndizo zinazotupiga chenga zaidi, maana kila mtu anajiona mbali na ushahidi. Kumbe kesi za mahakama za shirikisho ziko kwenye mfumo unaoitwa PACER: senti 10 kwa ukurasa, na hati moja haizidi dola 3. Nakala nyingi zimewekwa bure kwenye CourtListener. Kwenye namba ya shauri ukiona herufi "cv" ni madai, "cr" ni jinai. Herufi mbili tu, ila zingezuia nusu ya vichwa vya habari vinavyosema fulani "anakwenda jela" wakati anadaiwa hela.

Ila kuna uvumi mgumu kuliko ule wa uongo mtupu: wa kweli iliyokatwa vipande. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu hapa Mbeya, MUST, aligombana na rafiki yake dukani kwangu kuhusu kesi za kashfa za Johnny Depp na Amber Heard, waigizaji wa Marekani waliowahi kuoana. Mmoja anasema Depp alipewa dola milioni 15. Mwingine anasema alishindwa. Wote walikuwa na ukweli mkononi. London mwaka 2020 Depp alishindwa, lakini pale alikuwa amelishtaki gazeti la The Sun, si Heard. Mwaka 2022 kule Fairfax, Virginia, baraza la wazee wa mahakama (jury) lilimpa milioni 10 za fidia na milioni 5 za adhabu. Zile 5 sheria ya Virginia ikazikata hadi dola 350,000. Heard naye akapewa milioni 2 kwa madai yake dhidi ya Depp. Wakakata rufaa, na Desemba 2022 wakamalizana kwa Depp kulipwa milioni 1. (Na hiyo ya Fairfax ilikuwa mahakama ya jimbo, kwa hiyo PACER usingeikuta.) Basi ukishaambiwa kesi ipo, uliza imefika hatua gani: imefunguliwa, imeamuliwa, iko rufaa, au wameshapatana nje?

Mtu atanikumbusha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba kusambaza taarifa unayoijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni kweli. Mimi sikujua ni uongo. Sikujua kwa sababu sikutazama, na karatasi ilikuwa kiganjani.

Ukishakosea, usitegemee ujumbe wa kusahihisha. Wangu niliutuma Jumatatu ileile kwenye makundi yote matatu, ukapata dole gumba mbili na mtu mmoja akauliza, "Shoo gani?" Ile picha ya uongo iliendelea kuzunguka hadi wiki iliyofuata. Tafuta yule aliyekwisha kuchukua hatua kwa neno lako, umpigie au umfuate. Kwa Mama Tumaini nilikwenda kwa miguu na ile karatasi mfukoni. Aliniangalia, akaendelea kusukuma chapati. Advansi yake nilimrudishia kwa awamu mbili, na kwa wiki nzima chai nilinywa kwa kulipa kwanza.