Origins bado inalipa
Ndugu, umeuliza kama Assassin's Creed Origins, gemu ya video ya 2017, bado inafaa kununuliwa. Inafaa sana. Unamcheza Bayek wa Siwa, Misri ya enzi za Cleopatra, akiwasaka waliosababisha kifo cha mwanawe. Kilichonishika mimi ni nchi yenyewe: uko na mashua kwenye Nile, viboko hao kando, unamrusha tai wako Senu, na kutoka juu unaona mashamba ya kijani yanakoma ghafla na jangwa linaanza. Kasoro ni levo, yaani ngazi za nguvu zako na za maadui. Ukivamia ngome iliyokuzidi, pigo moja chali. Kwa hiyo fanya kwanza misheni za pembeni, zile za wanavijiji zina uchungu wa kweli. Na usiache Discovery Tour, sehemu ya gemu ya kutalii tu: unatembea Alexandria bila vita, unasimuliwa historia.