Swali la lugha: Amesomewa hoja za awali, je, amekiri?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu ana kesi ya wizi wa pikipiki mahakama ya wilaya, alikana shtaka. Juzi kasomewa hoja za awali akakubali baadhi, basi kwenye grupu la familia wameandika AMEKIRI na mama hali chakula. Wakili anaita PH (preliminary hearing), karani anasema maelezo ya awali, mjomba anasema pingamizi la awali. Ni kitu kimoja? Na ni usikilizaji au usikilizwaji wa awali?"

Marahaba dada, na pole sana. Aliyeandika "amekiri" afute. Kukiri kosa ni pale mtu anasomewa shtaka akasema ni kweli nimetenda, akasomewa na maelezo ya tukio akayakubali, hapo mahakama inaweza kumtia hatiani bila hata shahidi mmoja. Mdogo wako alikana, na kwa sababu alikana ndio maana kafika kwenye hoja za awali, yaani hatua ya kusomewa maelezo ya kesi ili aseme yapi anakubali na yapi anakataa, kama angekiri hatua hii isingekuwepo kabisa. Kwahiyo andikeni "amekubali baadhi ya hoja", na mama asomewe hivyo hivyo.

Ila msidhani kukubali ni neno jepesi, hapa naomba mnielewe vizuri. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 192 kwenye Toleo la 2022, inasema mambo yasiyobishaniwa yaandikwe, mshtakiwa asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, halafu asaini yeye, wakili wake kama anaye, na mwendesha mashtaka. Akishasaini, hayo yanahesabika yamethibitishwa, upande wa mashtaka hauna haja ya kuleta shahidi wa kuyathibitisha, labda mahakama yenyewe ione haki inadai yathibitishwe.

Sasa tuchukue sentensi kama hii: "Kwamba mshtakiwa alikamatwa stendi akiwa na pikipiki ya mlalamikaji." Ukiisikiliza haraka ni jambo moja, lakini ndani kuna matatu: alikamatwa, alikuwa na pikipiki, na pikipiki ni ya mlalamikaji. Mtu ambaye kweli alikamatwa stendi lakini pikipiki aliikuta imepaki pembeni yake akijibu tu "ni kweli" kashabeba yote matatu! Wakili mzuri anaikata papo hapo, anasema tunakubali jina, umri, makazi na kwamba alikamatwa, mengine yote tunakana. Na asiye na wakili ana haki ya kusema "naomba irudiwe, sehemu hii nakubali, hii nakataa", aseme bila woga, maana wengi wanaitikia "ndiyo mheshimiwa" kwa heshima tu na karani anaandika. Vielelezo vilevile, hati ya upekuzi ukiikubali pale unapunguza nafasi ya kuja kuipinga baadaye. Mimi naona hatua hii watu wanaichukulia poa mno, wakati ndipo utetezi unajua kesi inabishaniwa wapi hasa na mashahidi wa kuulizwa maswali makali ni wepi.

Haya, majina. PH, hoja za awali na maelezo ya awali, kwa kesi ya mdogo wako ni kitu kimoja. Pingamizi la awali ni kitu kingine kabisa mwambie mjomba, hilo ni hoja ya kisheria, mfano mahakama haina mamlaka, na likikubaliwa shauri linaweza kuishia hapo. Kutajwa nako sio kusikilizwa, kesi inatajwa ili kuangalia imefikia wapi, upelelezi umekamilika au bado. Na kesi za Mahakama Kuu kama mauaji, kule chini mshtakiwa hatakiwi kujibu kitu, upelelezi ukiisha unafanyika mwenendo kabidhi, anasomewa maelezo ya mashahidi na anapewa nakala ndipo anapelekwa juu.

Msichanganye pia na habari za nje. Kule The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), mwaka 2011 kesi za Kenya zilipita kwenye kikao cha kuthibitisha mashtaka, majaji wakapima kama ushahidi unatosha kwenda mbele, na Januari 2012 wawili kati ya watuhumiwa sita, Henry Kosgey na Mohammed Hussein Ali, mashtaka yao hayakuthibitishwa. Hoja za awali za kwetu hazipimi uzito wa ushahidi namna hiyo, kwahiyo msitegemee mdogo wenu aachiwe siku ile.

Mwisho, usikilizaji ni kazi ya anayesikiliza, unatoka kwenye sikiliza. Usikilizwaji unatoka kwenye sikilizwa, yaani kinachosikilizwa ni shauri. Kwahiyo "usikilizwaji wa awali wa shauri" ndio sahihi, na "usikilizaji wa hakimu" nao ni sahihi ukimaanisha jinsi hakimu anavyosikiliza.