Jibu: Kufanya kazi muhula mmoja na kurudi chuoni

Dada, umeuliza kama unaweza kushika kazi ya mshahara kiwandani Nakuru muhula mmoja, kisha urudi darasani Kisumu. Inawezekana, ila usiichanganye na atachimenti, yaani mafunzo ya kazini yaliyo sehemu ya kozi. Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, kilipoanza kupishanisha masomo na kazi mwaka 1906, chuo chenyewe kilipanga zamu. Wewe utajipangia, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, muulize mkuu wa idara masomo ya muhula utakaoukosa yatafundishwa tena lini. Mengi hutolewa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo miezi minne ya kazi yaweza kukugharimu mwaka mzima. Kisha omba kuahirisha masomo kwa maandishi, usubiri barua ya idhini. Ruhusa ya mdomo ya mhadhiri haikulindi. Ukitoweka tu, utahesabiwa umeacha chuo. Kama una mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wajulishe nao.

Mkataba utaje tarehe ya kumaliza, iwe angalau wiki mbili kabla ya chuo kufungua. Mshahara ukiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hutalipa kodi ya mapato, lakini SHA (bima ya afya), NSSF (akiba ya uzeeni) na makato ya nyumba hayakuachi. Kodi ya chumba nayo ihesabu mapema.