SWALI LA MSOMAJI: Wanashika, wanauliza bei, wanaondoka

SWALI: Shikamoo mama. Niko Kihesa, Iringa. Mama yangu anasuka vikapu vya milulu, mdogo wangu ni fundi viatu. Tumeanza kutengeneza vikapu vya kulalia paka na mikanda ya ngozi ya shingoni kwa mbwa. Kodi ya fremu hatuiwezi, kwa hiyo tunapanga meza Jumamosi tu. Jumamosi mbili zimepita, watu wanashika, wanauliza bei, wanaondoka. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usishushe bei kwanza. Hapa Mbeya nimeuza mikanda ya mbwa juu ya meza kwa miaka sita, na mwaka wa kwanza nilipunguza bei mpaka nikawa nashona bure. Bei haikuwa tatizo. Mteja yuko sokoni, mbwa yuko nyumbani amefungwa, na shingo yake mwenye mbwa hajawahi kuipima. Anaogopa kukisia. Ndiyo maana anakwambia "nitarudi".

Kata uzi wa katani vipande vya sentimita 80, kila kimoja ukifunge kikaratasi chenye namba yako ya simu. Kila anayeshika mkanda mpe uzi, hata kama hakununua kitu. Mwambie auzungushe shingoni mwa mbwa, alaze vidole viwili kati ya uzi na shingo, apige fundo, aje nao Jumamosi ijayo. Mimi nilipoanza hivyo watu walirudi, na mtu aliyerudi na uzi wenye fundo habishani sana na bei. Mwenye mbwa mdogo muuzie mkanda wenye matundu mengi, na umsisitizie aulegeze kila mbwa anapokua, la sivyo ngozi itazama kwenye nyama.

Jambo la pili ni mahali. Muulize afisa mifugo wa kata yenu siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, umwombe ruhusa ya kuweka meza. Siku hiyo mbwa wenyewe wanakuja. Mara ya kwanza nilipokwenda, alikuja mtoto wa miaka kama kumi anavuta mbwa mwekundu kwa waya wa umeme. Manyoya yalikuwa yamekatika shingo nzima, na upande mmoja ngozi ilikuwa mbichi. Nilimpima mbwa kwa futi pale pale, nikamfunga mkanda mpana uliokaa juu zaidi shingoni, bila kugusa kidonda. Hela alileta baba yake jioni. Meza yako ikae mbali kidogo na foleni, maana mbwa wasiojuana wakibanana wanararuana.

Chuma kiangalie kuliko ngozi. Niliwahi kununua pete za bei nafuu, nikashona mikanda mingi, mvua za Januari zikaja. Mzee mmoja akaniletea mbwa wake, kutu imemchimba chini ya koo. Nilimrudishia hela yake na ya dawa, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Sasa kila pete mpya naiacha usiku mmoja kwenye kikombe cha maji ya chumvi. Ikiamka na kutu, siishoni.

Vikapu vya mama yako vina nafasi kubwa, hasa Juni na Julai baridi inapobana huku kwetu nyanda za juu. Ila visiwe na rangi, kwa sababu paka anatafuna ukingo. Msining'inize nyuzi wala vishada vya kupendezesha: paka akimeza uzi mrefu, utumbo unajikunja juu yake na anaweza kufa. Milulu ikilowa inashika ukungu, kwa hiyo shoneni mto wenye foronya ya kuvua na kufua. Kikapu kimoja kiwekeni mezani mto ukiwa ndani, mtu aingize mkono asikie joto lake.

Watakuuliza dawa ya kupe. Usiuze. Baadhi ya dawa za mbwa zina permetrini, na hiyo ni sumu kwa paka. Waelekeze kwa daktari wa mifugo. Kuhusu kibali cha kupanga meza, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri kabla ya mgambo hawajakufikia. Na Nane Nane ya pale Uyole msiikimbilie mwaka huu, subirini muwe na mzigo wa kutosha siku zote za maonyesho.

Mwambie mama anisukie kikapu kimoja cha upana wa sentimita 45, ukingo wa kiganja kimoja, bila rangi. Paka wangu amezaa kwenye kapu la viazi na watoto wanne hawaenei. Kitume kwa basi, nauli na bei nalipa mimi.