Shangazi wa Safari: Kabla ya kitanda, niulize boti

Barua za mwezi huu karibu zote ni za maji. Ziwa au bahari, kisiwa gani, loji ipi. Wengine mmenitumia na picha: kitanda cheupe, chandarua kimefungwa fundo, taulo mbili zimekunjwa mfano wa bata wanabusiana. Wanangu, nimekaa mapokezi miaka kumi na tisa, hoteli mbili za kando ya ziwa na moja ya kisiwani, na hao bata nimewakunja kwa mikono yangu. Hakuna mgeni aliyewahi kuja kunigombeza kwa sababu ya bata. Walikuja kwa sababu ya boti, maji na ngazi. Basi tuanze.

*Shikamoo Shangazi. Niko Doha na familia. Julai tunakuja nyumbani, watu saba: mimi na mume wangu, watoto watatu (mkubwa ana miaka kumi na sita, wa mwisho minne), mdogo wangu wa kike, na mama. Mama ana miaka 71, ana kisukari na anachoma insulini, halafu magoti yanamsumbua. Ni mzaliwa wa Sengerema na anataka kuliona ziwa. Watoto wanataka kuogelea na kuona wanyama. Nimeona loji nzuri kisiwa cha Rubondo na nyingine ya ufukweni karibu na Mwanza. Tuna siku sita. Nichague ipi? – H., Doha*

Marahaba mwanangu. Naona moyo wako uko Rubondo, na sikulaumu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ndani yake hakuna kijiji wala soko. Usiku unasikia viboko na mawimbi tu. Nzohe, yule swala wa kwenye matete ambaye sehemu nyingine ni shida kumwona, pale yuko kwao. Sokwe waliletwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa porini, na waliopo leo ni uzao wao. Tembo na twiga nao ni wahamiaji.

Ila umeniambia watoto wanataka kuogelea. Rubondo kuna mamba. Mtoto wa miaka minne atakaa siku nzima mbele ya maji ya rangi ya kioo akiambiwa "rudi huku, rudi huku", na wewe hutapumzika. Kufuatilia sokwe nako kuna umri wa chini, mdogo kama huyo hapelekwi. Na kuna mbung'o, ambao hupenda nguo za buluu na nyeusi. Picha uliyonitumia, familia nzima mmevaa jinzi.

Sasa mama. Hapa nikae kidogo.

Mwaka mmoja tulipokea familia kutoka Dar, wamekuja na babu yao mwenye fimbo. Kwenye simu walikuwa wameuliza kama kuna intaneti, kama samaki wa kuchoma yupo, kama tunapokea kadi. Gati hakuna aliyeuliza. Gati letu lilikuwa limevunjwa na mawimbi tangu masika na bosi anasubiri msimu uchangamke ndipo alitengeneze, kwa hiyo boti ilikuwa inasimama kwenye maji ya magoti. Vijana wetu wawili wakashikana mikono wakafanya kiti, babu akakaa katikati, kofia kichwani, mjukuu nyuma ameshika viatu vyake. Akafika mkavu. Watu wakapiga makofi, na yeye akacheka. Usiku nikamkuta kibarazani peke yake. Akaniuliza, "Binti, siku ya kuondoka mtanibeba tena kama gunia?" Siku zote tatu alizokaa hakushuka ufukweni tena.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa loji yoyote ya kisiwani: boti inafunga gatini, au inasimama majini watu wanashuka wenyewe? La pili, kutoka gatini hadi chumbani kuna ngazi ngapi? Usikubali jibu la "si nyingi". Mwambie aliyepokea simu akazihesabu, nawe usubiri. Vyumba vyenye mandhari nzuri huwa juu ya mwamba, na mwamba haupandiki kwa magoti ya miaka 71. La tatu, umeme. Loji nyingi za visiwani zinatumia sola na jenereta, na jenereta huzimwa watu wakishalala. Friji ya insulini ya mama itakuwa wapi usiku, na ufunguo wake atakuwa nao nani?

La nne ni la watoto: jaketi za kuokolea za saizi yao zipo? Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto wa miaka minne, akiingia majini lenyewe linapanda juu na mtoto anateleza chini. Mimi ni mtu wa Ukerewe. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, kimejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 220. Siandiki haya kukutisha. Ukiona boti imejaa, shuka, hata kama umeshalipa.

Ushauri wangu ni huu. Kambi yenu iwe Mwanza, kwenye hoteli ya ufukweni yenye bwawa la kuogelea na chumba cha chini kwa ajili ya mama. Siku moja wapelekeni wote Saanane, hifadhi ndogo kabisa ambayo boti inafika kwa dakika chache tu kutoka mjini, watoto waone wanyama na mawe makubwa. Halafu wewe, mume wako na mkubwa mwende Rubondo usiku mbili, mdogo wako abaki na bibi na wadogo. Mnapita barabara ya Geita na Chato hadi Kasenda, pale mnapanda boti, nusu saa hivi ziwa likiwa shwari. Julai ni msimu wa upepo wa kusi, na ziwa huanza kuchafuka mchana, kwa hiyo mfike Kasenda asubuhi, hata kama ni kulala njiani. Ndani ya hifadhi kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa anayebeba chakula chake, bei yake ni ya kibinadamu. Loji ya kifahari ni habari nyingine. Beba kitambulisho: Mtanzania ana kiingilio chake nafuu, mgeni wa kutoka nje analipa zaidi, na getini hawasikilizi lafudhi.

Na mama msimwache kabisa. Siku nyingine mchukueni mchana mpite naye daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025. Kama alikulia Sengerema, alisimama foleni ya kivuko pale tangu utoto wake. Kilomita tatu juu ya maji, amekaa kwenye gari. Mwende taratibu tu.

*Shangazi, mimi na mke wangu tulienda fungate Jambiani, Unguja. Hoteli tuliyolipia ilisema "ufukweni". Siku ya kwanza tumekunywa chai, saa nne tunatoka na taulo, bahari haipo! Tope, majani, kina mama wanalima mwani, maji yako mbali kule. Siku ya pili vilevile. Tulidanganywa? – K., Morogoro*

Hamkudanganywa, baba. Mlienda wiki ya bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata, maji hujaa sana na hupwa sana. Na kwa pwani yetu bamvua ina saa zake: maji hukauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi alasiri. Muulize mkulima yeyote wa mwani, hana haja ya kalenda. Wiki inayofuata, ya maji mafu, mambo yanageuka. Saa nne hiyohiyo maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kila siku saa inasogea kwa dakika hamsini hivi.

Pwani ya mashariki, kuanzia Jambiani na Paje kwenda kaskazini, ufuko ni tambarare na mwamba uko mbali, kwa hiyo bahari ikipwa unaweza kutembea nusu saa kabla hujalowa kiuno. Nungwi na Kendwa kule ncha ya kaskazini ufuko unashuka kwa haraka, unaogelea karibu saa yoyote. Kuna watu zaidi na kelele zaidi, lakini maji yapo.

Mimi ningerudi Jambiani. Ila ningeuliza mwezi kwanza, ningevaa viatu vya mpira kwa ajili ya wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu, na asubuhi ningetembea na kina mama wa mwani huko mbali badala ya kukaa kibarazani nimenuna. Saa kumi ndiyo ya kuogelea. Fungate haiishi saa nne asubuhi.

*Habari Shangazi. Rafiki zangu wanakwenda Ziwa Nyasa upande wa Malawi, Cape Maclear na kisiwa cha Likoma. Wanasema loji imewahakikishia hakuna kichocho. Ni kweli? – Dada wa Mbeya*

Loji inauza vyumba, haipimi konokono. Ziwa Nyasa lina kichocho, Victoria lina kichocho, na Tanganyika pia kuna sehemu kipo. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda chochote. Penye majani, maji tuli, na kijiji kinachofua na kuoga palepale, usiingie. Kujifuta haraka kwa taulo kunapunguza tu. Anayetaka kuogelea aogelee mbali na ukingo, kwenye kina na mawe, kisha akirudi apime baada ya wiki sita hadi nane, siyo kesho yake, maana mapema kipimo hakioni kitu. Dawa ipo, prazikwanteli, na si ghali.

Nikiulizwa ziwa la kuogelea bila hofu ninawatuma Bunyonyi, kule Kabale, Uganda. Hakuna kiboko, hakuna mamba, na linajulikana kwa kutokuwa na kichocho. Visiwa vidogo vidogo, loji za kila bei, mtumbwi wa gogo unaozunguka wenyewe ukimpa kasia mtu asiyejua. Lakini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji yake yatakutoa pumzi, na jioni utatafuta sweta.

*Shangazi, nimepata ofa nzuri ya loji Ziwa Baringo, bei nusu. Picha zinaonyesha bustani kubwa hadi majini. Kuna kitu sijaambiwa? – W., Nakuru*

Uliza picha ni za mwaka gani. Maziwa ya Bonde la Ufa nchini kwenu yamekuwa yakipanda kwa zaidi ya miaka kumi. Baringo lilimeza nyumba, shule na hoteli za kando yake, na 2020 hali ilikuwa mbaya sana. Naivasha nalo limeingia kwenye mashamba na makazi ya watu. Hata Victoria, Mei 2024 lilifika kimo ambacho hakikuwahi kupimwa kabla ya hapo.

Huenda bustani hiyo sasa viboko ndio wanaoila, na mamba ameota jua pale palipokuwa na viti. Mwambie mwenye loji akupigie video leo, asimame mlangoni mwa chumba chako atembee hadi majini huku anahesabu hatua. Akisema mtandao ni mbaya, mpe siku nyingine. Akisema tena ni mbaya, baki na pesa yako. Akikutumia na hatua ni kumi na tano, nenda. Bei nusu ni bei nusu, na ndege wa Baringo hawajahama. Chumba omba cha juu, na watoto wasicheze nje baada ya magharibi.

*Shangazi shikamoo. Tulilala kando ya Ziwa Victoria, usiku ukuta wa chumba ukawa mweusi kwa wadudu. Meneja akasema ni kawaida. Tudai pesa? – Baba na Mama P., Dodoma*

Marahaba. Msidai, meneja amesema kweli. Ni wale wadudu wa ziwani wanaosimama juu ya maji kama moshi wa treni. Hawaumi, hawanyonyi damu, wanatafuta taa tu. Hutoka sana mwezi unapoandama, kwa hiyo mkipanga tena, pangeni kwa mwezi. Kosa la meneja ni kutowaambia saa kumi na mbili jioni mfunge madirisha na kuzima taa ya kibarazani. Sisi tulikuwa tunawasha taa moja kubwa mbali kule kwenye banda la jenereta, wadudu wote wanakwenda huko, wageni wanakula kwa taa ndogo. Asubuhi mfagiaji anajaza ndoo mbili, anawapelekea kuku wa jirani. Miezi hiyo mayai ya kifungua kinywa tulinunua kwa huyo huyo jirani, na kiini chake kilikuwa cha rangi ya chungwa.