Muulize Mwalimu: fish ni samaki au ni kuvua?

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Mi ni nahodha hapa Shela, Lamu, napeleka wageni Manda Toto kwa mashua. Juzi mgeni kanitumia meseji WhatsApp, "Tomorrow we fish, then we cook the fish." Mdogo wangu ambaye ndo mwenye kusoma kwetu ashikilia ati mgeni kakosea, fish ni samaki na basi, kuvua ni fishing. Mi namwambia huyo ni Mwingereza, lugha ya mamake ataikoseaje? Twabishana mpaka leo. – Nahodha, Shela

JIBU: Wa aleikum salaam nahodha. Mgeni yuko sawa, mdogo wako mwambie kwa upole. Fish ya kwanza ni kitendo, ya pili ndo samaki mwenyewe, na Kiingereza kimejaa maneno ya hivyo, yale ya baharini ndo usiseme: sail ni tanga na pia ni kwenda kwa tanga, anchor ni nanga na pia ni kutia nanga, hata water ni maji na pia ni kumwagilia maua.

Sa utajuaje ni ipi? Usilikodolee macho neno lenyewe, tazama lililotangulia. Ukiona a, the, my, this, hilo ni jina la kitu, hata wakipachika sifa katikati, the big fish, ile the bado yashika. Ukiona we, they, can, will, don't, hapo mtu afanya kitu. Mtego uko kwa to, manake "I want fish" mwandalie sahani, lakini "I want to fish" tayarisha mishipi na chambo, herufi mbili tu na bei ya siku yabadilika yote! Na hiyo to nayo si ya kuaminika kila mara, "I go to work" yaweza kuwa naenda kazini au naenda kufanya kazi, Mwingereza mwenyewe hashughuliki ni ipi.

Zamani hawakuwa hivi. Miaka elfu moja nyuma upendo waliuita lufu na kupenda lufian, huwezi kuchanganya, lakini watu wakawa wanameza silabi za mwisho wakiongea, kizazi hata kizazi, mpaka yote mawili yakawa love. Mikia ilipokatika hakuna cha kuwazuia tena, jina lolote wanaligeuza kitendo, hata Google ambayo ilikuwa jina la kampuni, 2006 kamusi ya Oxford ikaiingiza kama kitendo.

Sisi mikia yetu tunayo, vua, mvuvi, uvuvi, na yale tuliyotoa kwa Waarabu twageuza irabu tu, safari na safiri, ruhusa na ruhusu. Lakini tusijigambe sana, "nipe jibu" na "nijibu", hapo tumefanya nini tofauti na wao? Na neno hesabu je, si jina na kitendo pia?

SWALI: Mwalimu, mwanangu kaandika "I practice football every day" kakatwa maksi, na kwa simu yangu neno hilo halitoi mstari mwekundu. Kaonewa? – Mama wa Grade 7, Malindi

JIBU: Hajaonewa mama. Kwa Waingereza practice yenye c ni jina, practise yenye s ni kitendo, licence na license hivyo hivyo, na shule zetu zafuata Uingereza. Wamarekani huandika practice kote kote na license kote kote, na yaelekea simu yako iko kwa Kiingereza cha Marekani, ingia settings uibadilishe. Akisahau mwambie akumbuke advice na advise, hapo sikio lenyewe lasikia, jina laishia s na kitendo z, Marekani na Uingereza ni sawa. Use nayo ina mchezo huo huo wa s na z mdomoni ijapokuwa yaandikwa namna moja.

SWALI: Mi ni mwongoza watalii Malindi. Nikisema permit ya kuingia Marine Park wageni hutabasamu. Nakosea wapi? – Mwongoza watalii, Malindi

JIBU: Ni mkazo tu. Permit ile karatasi hukazwa mwanzo, PER-mit, kuruhusu ndo hukazwa mwisho, per-MIT. Ulimi wetu wapenda kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukishaongeza ile i yetu mwishoni twasema pa-MI-ti, re-KO-di, kwa hivyo mgeni asikia kitendo mahali pa jina. Record, import, export, zote ni hivyo, jina mwanzo, kitendo mwisho. Lakini usianze kuhamisha mkazo kila mahali, visit na answer hazibadiliki ng'o.