Arizona au New Mexico: wapi pa kuanzisha boma jangwani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tunaishi Ohio, nasi tunakusudia kununua ekari 10 jangwani, tujenge nyumba kwa mikono yetu, tufuge kuku na mbuzi, na tulime mboga. Yeye anapendelea Kaunti ya Cochise, Arizona. Mimi napendelea New Mexico. Tumesikia pia kwamba serikali bado inagawa ardhi bure. Unatushauri nini?

JIBU: Ndugu msomaji, la ardhi ya bure tulimalize kwanza. Sheria ya mwaka 1862 iliyowapa walowezi ekari 160 ilifutwa mwaka 1976, isipokuwa Alaska ambako iliendelea kwa miaka 10 zaidi, kwa hiyo mtanunua kama wengine.

Watu wengi huyalinganisha majimbo haya kwa joto, ilhali sehemu kubwa ya Cochise iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na hali yake ya hewa haiko mbali na ile ya Deming, New Mexico. Tofauti yenye uzito imo katika sheria ya maji yaliyo chini ya ardhi.

Arizona ilitunga sheria ya kuyasimamia maji hayo mwaka 1980, lakini udhibiti mkali uliwekwa katika maeneo machache tu, yakiwemo ya Phoenix na Tucson. Kwingineko mwenye ardhi huchimba kisima na kuvuta maji karibu kadiri apendavyo. Uhuru huo unavutia, ila mwenye shamba kubwa la jirani anao vilevile, na pampu yake ina nguvu kuliko yako. Katika bonde la Willcox, lililomo humo humo Cochise, visima vya majumbani vilikauka na ardhi ikapasuka, hata mwishoni mwa 2024 jimbo likaliweka bonde hilo chini ya udhibiti. Kisima kidogo cha nyumbani bado kinaruhusiwa huko, lakini si kufungua shamba jipya la kumwagilia la ekari 2 au zaidi.

New Mexico ni kali tangu mwanzo: maji ni mali ya umma, na aliyetangulia kuyatumia ndiye mwenye haki ya kwanza. Kibali cha kisima cha nyumbani kwa kawaida huruhusu takriban lita milioni 1.2 kwa mwaka na bustani isiyozidi ekari 1, ambayo mazao yake si ya kuuza. Mkitaka kupeleka mboga sokoni, itawabidi mpate haki ya maji ya kilimo, na hiyo hununuliwa.

Kwa ujenzi, mkeo ana hoja nzuri, kwa kuwa Cochise humruhusu mwenye kiwanja cha mashambani cha kuanzia ekari 4 kuomba kujenga bila ukaguzi wa kawaida. New Mexico hudai vibali, ingawa ina kanuni rasmi za nyumba za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani.

Kwa kuwa hamkutaja biashara, ningechagua New Mexico, maana sheria inayowabana ninyi humbana na jirani. Popote mtakapokwenda, kabla ya kulipa someni kumbukumbu za visima vya jirani, ambazo majimbo yote mawili huziweka wazi, mjue kina cha maji, kwani uchimbaji hulipiwa kwa futi. Tengeni pia fedha za uzio: katika sehemu nyingi za majimbo haya, mwenye bustani ndiye anayetakiwa kuwazuia ng'ombe wa watu wasiingie.